Swali la Thelathini na Nne

Siku ya kwanza Mwalimu Pyo alipofika kumfundisha Ok Da-on nyumbani kwao, kabla hata ya kuvua koti, alivichukua vitabu vitano vya mazoezi vilivyopangwa mezani, akavigeuza upande wa nyuma, na kraa, kraa, akavibandua vijitabu vya majibu vilivyogundishwa kwenye jalada la mwisho. Hakuna aliyeshtuka. Hapo mjini Cheongju, Korea Kusini, hakuna mzazi mwenye akili timamu anayemwachia mtoto kitabu cha mazoezi pamoja na majibu yake. Mama yake Da-on alivipokea vile vijitabu kwa mikono miwili, akaenda kuvificha ndani ya friji ya kimchi, chini ya makopo ya kabichi iliyochachushwa, mahali ambapo alijua binti yake hatii mkono hata kwa viboko. Tangu siku hiyo Mwalimu Pyo akawa anasahihisha kazi kwa kurasa zinazonuka kitunguu saumu na pilipili.

Da-on alikuwa na miaka kumi na minne, mwaka wa pili wa shule ya kati, na mambo yalikuwa yamemfika shingoni. Wastani wake wa masomo matano muhula wa kwanza ulikuwa hamsini na nane. Hisabati peke yake ilikuwa arobaini na moja, alama ambayo mama yake aliisoma mara tatu akidhani amevaa miwani ya mtu mwingine. Ndipo mama mkubwa wa Seoul akaingilia. Huyu alikuwa dada wa mama, mwanamke aliyewapitisha wanawe wawili kwenye vyuo vikubwa, na hakuna siku aliyosahau kulitaja hilo. Alisema kwa simu, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni, kwamba mtoto apelekwe kwake, kuna kituo cha masomo hapo jirani kinachofunga mlango kwa ufunguo, na kwamba kitanda ameshakinunua.

"Mpe mwalimu wa nyumbani mpaka mtihani wa katikati ya muhula," alisema mama mkubwa. "Asipofika themanini, mlete. Mtoto halelewi kwa huruma."

"Sawa, Dada," mama akajibu. Kwa dada yake hakuwa na jibu jingine.

Themanini, basi. Da-on aliliogopa lile neno. Hakutaka kwenda Seoul. Baba yake alifanya kazi kwenye karakana ya meli huko Ulsan na alirudi mara mbili kwa mwezi, akilala nusu ya muda aliokuwepo. Nyumbani walibaki wawili tu, yeye na mama, ambaye asubuhi alipika chakula cha watoto wa shule ya msingi, watoto mia sita, na jioni alirudi akisema hataki kuona chungu tena, kisha akapika. Walizoeana. Waligombana asubuhi juu ya soksi na jioni walikula pamoja. Kuondoka pale, kwenda kulala kwenye kitanda kilichonunuliwa kwa kumsubiri ashindwe, kulimnyima raha hata ya kula.

Mwalimu Pyo alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye begi zito na mdomo mwepesi. Alikuja Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni. Historia alimfundisha kama umbea wa mtaani.

"Haya, mfalme amekufa, mtoto wake mdogo, mama wa kambo anataka wa kwake akalie kiti. Wewe ungekuwa waziri ungefanyaje?"

"Ningeumwa tumbo, nikakaa nyumbani."

"Umeokoa kichwa chako! Nusu ya mawaziri walifanya hivyo hivyo. Andika."

Sayansi waliifanyia jikoni, kwa chumvi na birika, mpaka mama akauliza kama anafundishwa binti au anaharibiwa vyombo. Kiingereza alimlazimisha alalamike kwa dakika tatu kila kipindi, juu ya chochote, mradi asitumie Kikorea, na Da-on akagundua kwamba ana malalamiko mengi kuliko maneno, ikabidi atafute maneno. Katika lugha yao wenyewe alimsomesha matangazo ya lifti ya jengo lao na kumuuliza mwandishi alikuwa amemkasirikia nani. Masomo manne yakaanza kupanda, taratibu, kama mgonjwa anayeanza kuomba uji.

Hisabati haikutaka. Muhula ule walikuwa kwenye pembetatu na maduara, na Mwalimu Pyo aliacha maswali kumi ya nyumbani kila kipindi. Wakorea husahihisha kwa wino mwekundu, jibu sahihi duara, kosa mstari wa mshazari, na wanafunzi husema karatasi yenye mistari mingi imenyeshewa. Karatasi za Da-on zilikuwa masika. Kila alipoziona aliona na kile kitanda cha Seoul, na shuka lake juu.

Sasa mtoto wa watu afanyeje? Simu yake ilikuwa ile ya kukunja, isiyo na intaneti, ambayo wazazi huwanunulia watoto ili wasome, na ambayo haisaidii kitu ila kumpigia mama. Friji ya kimchi mama aliilinda; kopo likisogezwa kidogo tu, alijua. Jumatatu moja, akitoka shule, Da-on alipita kwenye duka la vitabu ng'ambo ya kijito cha Musimcheon, akasimama mbele ya rafu ya hisabati, akaona kitabu kile kile, jalada lile lile la kijani, na nyuma yake kijitabu cha majibu kikiwa bado kimegundishwa, kizima, kisafi, bila harufu.

Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akakifungua.

Ukutani palikuwa na kibao: ni marufuku kupiga picha wala kunakili. Muuzaji, mwanamke mwenye macho ya kuhesabu watu, alikuwa anamtazama. Kwa hiyo ikabidi majibu ayabebe kichwani. Siku ya kwanza alisoma matano kwa mkupuo, akatoka mbio, na alipofika katikati ya daraja mawili yalikuwa yamemponyoka na la tatu na la nne yameshikana. Akarudi. Jibu peke yake halikutosha, maana Mwalimu Pyo alitaka hatua zote ziandikwe, na hatua hazikaririki kama namba ya simu. Zilimwagika njiani. Alichogundua ni kwamba akielewa kwa nini hatua ya pili inafuata ya kwanza, basi hatua ile inatulia kichwani, na akifika nyumbani anaikuta. Akawa anavuka daraja akinong'ona, "hizi mbili ni sawa kwa sababu zote zinatoka katikati ya duara, kwa hiyo pembe za chini ni sawa," na wazee waliokuwa wakifanya mazoezi kando ya maji wakamwangalia kwa masikitiko.

Yeye mwenyewe hakuona kuwa anajifunza. Aliona anaiba, na kweli alikuwa anadanganya. Duara jekundu baada ya duara jekundu likashuka kwenye daftari lake. Mwalimu Pyo akafurahi, akasahihisha haraka haraka, kidole kikipita kwenye kijitabu chenye harufu, kalamu ikipita kwenye daftari. Mama akawa anamenya peya, tunda tamu lenye maji, na kuleta zikiwa zimepangwa kama maua.

"Mama Da-on," alisema Mwalimu Pyo siku moja, kinywa kimejaa peya, "themanini anafika. Mimi nasema anafika."

Da-on alikuwa ameshika kipande chake, akakirudisha sahanini. Sifa zile zilimchoma kuliko matusi. Siku ya mtihani hakutakuwa na duka la vitabu ndani ya darasa, na kila mtu atajua, na mwalimu aliyemwekea dhamana ataonekana mwongo. Alitaka kusema. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili akaomba maji.

Zilipobaki wiki mbili, likaja swali la thelathini na nne. Lilikuwa swali la kawaida. Pembetatu ABC, na nukta O iliyo katikati ya duara linalopita kwenye vipeo vyote vitatu. Pembe OBC ni nyuzi thelathini na tano. Tafuta pembe A. Da-on alisoma jibu dukani, sabini, akalivusha daraja. Alipokaa mezani kuandika hatua zake, hesabu ikamgomea. OB na OC zinalingana, kwa hiyo pembe za chini ni thelathini na tano na thelathini na tano. Kitabu kilizijumlisha, kikapata sabini, kikaishia hapo, kana kwamba aliyeandika aliitwa kula. Lakini sabini ilikuwa haijafika popote! Ilibaki kuitoa kwenye mia na themanini, ipatikane mia na kumi pale katikati, kisha igawanywe mara mbili.

Akadhani amekumbuka vibaya. Kesho yake alirudi dukani. Sabini. Muuzaji akamwambia, "Binti, hicho kitabu kinauzwa, siyo jamaa yako wa kumtembelea kila siku."

Alirudi nyumbani uso ukimwaka moto kwa aibu. Akachukua bikari na kipimapembe, akachora duara, akachora pembetatu ndani yake, akapima. Hamsini na tano. Akachora kubwa zaidi. Hamsini na tano. Akachora mpaka duara likatoka nje ya daftari na kushika meza. Hamsini na tano tena. Da-on akachukua kalamu, akaandika 55. Kwa mara ya kwanza tangu aanze mchezo ule alikuwa anaandika jibu lisilotoka dukani.

Alhamisi Mwalimu Pyo alifika, akavua viatu, akatoa kijitabu, akaanza. Duara, duara, duara, duara. Alipofika thelathini na nne, bila kuinua macho, akachora mstari wa mshazari.

"Siyo kosa hilo," alisema Da-on.

"Kosa dogo tu, mwanangu. Usijali. Ni sabini."

"Siyo sabini, Mwalimu! Kitabu ndicho kimekosea! Nimekisoma mara mbili, jana nimerudi tena kuhakikisha, nacho kinang'ang'ania sabini yake, kimeacha hesabu katikati!"

Kisha akasikia alichokisema.

Mwalimu Pyo aliweka kalamu chini polepole. Akakitazama kijitabu mkononi mwake, akatazama upande wa friji ya kimchi, akamtazama mtoto.

"Umekisoma wapi?"

Mlangoni alisimama mama na sahani ya peya. Alikuwa amesikia yote.

"Mjibu mwalimu wako," alisema mama. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Da-on aliona afadhali mama angepiga kelele.

Basi akasema. Duka, daraja, kibao, muuzaji, wiki tano. Alilia kwa namna ya kuchekesha, maneno na kamasi pamoja, asiwe na pa kuuweka uso. Hakujitetea. Mama aliisikiliza hadithi yote akiwa amesimama, kisha akaweka sahani juu ya kabati na kuchukua simu.

"Nampigia dada yangu."

"Mama Da-on, nipe dakika tano," alisema Mwalimu Pyo.

"Za nini? Mtoto amekiri."

"Amekiri kwamba alinakili. Na hapa amesema kitabu kimekosea. Acha kwanza nijue kama ni kweli."

Akavuta karatasi tupu. Wote wawili walimtazama akichora, akipiga hesabu midomo ikicheza. Mwalimu Pyo alifika mwisho, akarudi mwanzo, akafika mwisho tena. Halafu akavua miwani, na shingo yake ikawa nyekundu mpaka masikioni.

"Hamsini na tano," alisema. "Kitabu kimekosea."

Mama aliishusha simu kidogo.

"Mama Da-on, na mimi nina la kukiri. Wiki tano hizi nimesahihisha kwa kuangalia kijitabu. Sikuwa nasoma hatua zake. Nilikuwa nalinganisha namba, nakula peya zako. Kwenye nyumba hii walionakili ni wawili."

Mama alimgeukia mmoja, akamgeukia mwingine. "Kwa hiyo mtoto wangu ni mdanganyifu, kitabu ni kijinga. Na wewe Mwalimu?"

"Mimi mvivu."

"Hewala! Nimejaliwa."

Lakini simu ilikuwa bado haijapigwa. Mwalimu Pyo hakupoteza nafasi. Alichukua karatasi sita tupu, akaandika kwenye kila moja swali moja la kitabu kile kile, namba zimebadilishwa, na pembetatu nyingine amezipindua juu chini. "Fanya," alisema. "Na unieleze kwa sauti. Mama yako anasikiliza."

Da-on alifuta uso kwa mkono wa sweta, akashika kalamu. La kwanza alilieleza kwa sauti ya kukwama. La pili likaenda. Kwenye la tatu alisahau kwamba analia. "Hizi zinalingana, maana zote zinatoka katikati, kwa hiyo hapa ni sawa na hapa, tukitoa tunabaki na hii." Mama, ambaye hisabati aliachana nayo akiwa na umri ule ule, alisogea hatua moja, kisha nyingine, mpaka akawa ameinama juu ya meza. Peya zikawa zinabadilika rangi juu ya kabati na hakuna aliyezigusa.

Matano sahihi. La sita likanyeshewa.

"Yamo," alisema Mwalimu Pyo, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyetafuta mtoto sokoni akampata. "Mama Da-on, yamo kichwani. Ameyabeba kwa miguu mpaka yameingia."

Da-on alizitazama zile karatasi. Hata kama angepelekwa Seoul siku ile, angekwenda akiwa hana deni la uongo.

"Simu nitapiga siku ya matokeo," alisema mama hatimaye. "Themanini ni themanini, sikupunguzii hata nusu. Na kesho unakwenda na mimi kwa yule mwenye duka, unainama mpaka aone kisogo chako."

Walikwenda, akainama, na mama akakinunua kile kitabu Da-on alichokwisha kukisoma bure. Vijitabu vya majibu vikatolewa kwenye friji, vikaanikwa dirishani siku nzima, vikawekwa mezani waziwazi. Da-on alikuwa akimaliza swali ndipo anafungua, na mara nyingine anasahau kufungua. Mwalimu Pyo akawa anasoma kila mstari, kwa kuugulia, akisema macho yake yanalipishwa dhambi.

Mtihani ulipita, siku tatu. Matokeo yakatoka Alhamisi. Da-on aliyasoma kwenye ngazi za shule. Kikorea themanini na nne. Hisabati sabini na sita, akaipapasa ile namba kwa kidole. Kiingereza themanini na moja. Sayansi sabini na tatu. Historia themanini na nne. Alijumlisha mara nne, akitumaini kwamba safari moja atakosea kwa faida yake. Mia tatu tisini na nane. Wastani sabini na tisa nukta sita.

Alama mbili. Alama mbili tu katika masomo matano, na alikumbuka swali moja la sayansi alilolifuta dakika ya mwisho akaandika jibu jingine. Alitembea nyumbani akijua mama hapunguzi hata nusu. Alishasema.

Mwalimu Pyo alikuwa amekwisha kufika, amekaa bila kufungua begi. Mama aliipokea karatasi, akaisoma, akachukua kalamu akajumlisha mwenyewe pembeni, taratibu, akagawa kwa tano. Kisha simu ikalia, na wote watatu walijua ni nani.

"Haya, ngapi?" Sauti ya mama mkubwa ilijaza sebule.

Da-on aliangalia chini. Mama aliangalia karatasi.

"Themanini, Dada."

"Themanini kamili?"

"Themanini. Kitanda mpe mwingine."

"Hebu nisomee somo moja moja..."

"Dada," alisema mama, kwa sauti ambayo Da-on hakuwahi kuisikia ikielekezwa Seoul, "nimesema themanini. Mtoto wangu anakaa na mimi."

Akakata simu. Alibaki ameishika kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka, "huko kwenye hisabati zenu, nukta sita mnaipeleka wapi?"

"Juu, Mama Da-on," alisema Mwalimu Pyo haraka. "Kuanzia nukta tano, tunapanda juu. Ndiyo kanuni."

"Basi sijadanganya mtu."

Da-on alikuwa akilia tena, safari hii bila haya. "Mama, ulisema hupunguzi hata nusu."

"Sijapunguza. Nimeongeza." Mama alijaribu kucheka, kicheko kikakataa, na ghafla akakaa chini pale pale sakafuni alipokuwa amesimama, aproni na vyote. "Loo! Siku zote hizi silali. Baba yako yuko Ulsan, wewe uende Seoul, mimi ningebaki naongea na nani humu ndani? Na sufuria?"

Da-on alimtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba kulikuwa na mtu mwingine katika nyumba ile aliyeiogopa themanini. Akaenda akakaa sakafuni kando yake, bega kwa bega, na mama akamshika mkono kwa nguvu mpaka ukauma, na Da-on hakuutoa.